Mpini wa Tramu ya Buluu

Kazi yangu katika karakana ile ya zamani ya tramu ilianza na ufagio. Nilikuja Stockholm kusomea upimaji wa ardhi, masomo yakanishinda mwaka wa pili, nikaoa, tukapata binti, na kampuni ya usafi ikanipangia kufagia jumba refu la matofali mekundu ambamo zamani tramu, zile treni ndogo za mitaani, zilikuwa zikilazwa na kutengenezwa. Siku hizi ni makumbusho ya usafiri. Nilifagia miaka minne. Asubuhi moja mkuu wa makumbusho alinikuta nikiwaeleza watoto wa shule jinsi gurudumu la chuma linavyoshika reli bila kuteleza. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Tabora, kwa hiyo mambo hayo nilikua nayo nyumbani. Mkuu alisimama nyuma akasikiliza mpaka mwisho. Mwezi uliofuata nilipewa sweta ya buluu, beji, na kadi ya kufungulia milango, nikawa mhudumu wa makumbusho.

Kadi ile niliipenda kuliko sweta. Ilifungua mlango wa mbele, stoo, kabati za vioo, na pia karakana yenyewe iliyobaki nyuma ya ukumbi wa maonyesho. Huko reli tatu zilipita sakafuni, na chini ya kila reli kulikuwa na shimo refu ambalo fundi hushuka kukagua tramu kutoka chini. Humo walifanya kazi wazee wa kujitolea, wastaafu waliokuwa madereva na mafundi. Walikuja Jumanne na Alhamisi, wakavaa ovaroli zao, wakashughulika na tramu moja ya buluu iliyokaa miaka mingi bila kutembea.

Aliyewaongoza alikuwa mzee mrefu wa zaidi ya miaka themanini, dereva wa tramu tangu ujana wake. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo, na mkoba wa ngozi wa kubebea chakula ambao, alivyopenda kusema, ameishi nao muda mrefu kuliko alivyoishi na mkewe.

Vuli moja akaja Mkongo. Ofisi ya kazi ilimleta kwa mazoezi ya miezi sita. Kwao ni Bukavu, alikuwa fundi umeme kabla ya vita kumtoa, na hapa aliishi Hjulsta na mke na watoto watatu. Wiki ya kwanza wazee walimtazama kwa jicho la mtu aliyeshikiwa vyombo vyake. Wiki ya pili alifungua sanduku la nyaya chini ya tramu ya buluu, akakaa nalo siku mbili, na taa za ndani zikawaka. Wazee wote walipanda wakakaa kwenye viti kama abiria. Tangu siku hiyo yule mzee dereva alimwita "mwenye mikono".

Mchana tulikula pamoja, mimi na Mkongo, tukisubiriana mbele ya maikrowevu, mimi na wali wangu, yeye na sombe, kisamvu cha kwao. Aliniita yaya, kama kwao wanavyowaita kaka wakubwa, nami nikamwita mdogo wangu. Kiswahili changu alikiita Kiswahili cha redio. Chake mimi sikukipa jina, ila nilikisubiri tangu asubuhi, kwa sababu mahali pengine popote mle ndani nilisema Kiswidi.

Kwenye ukuta wa karakana kulikuwa na ubao wenye ndoano, na kwenye kila ndoano mpini wa shaba. Mpini huo ndio aliokuwa akiushika dereva wa tramu kuongeza na kupunguza mwendo. Akishuka, aliuchomoa akaondoka nao, na bila mpini tramu haiendi popote. Jumanne moja ya Novemba ndoano ya tramu ya buluu ilikuwa tupu. Tulitafuta kwenye mashimo, chini ya viti, ndani ya mapipa ya matambara. Wiki iliyofuata ikakosekana kofia ya dereva kutoka kwenye kabati la kioo, na kabati halikuvunjwa. Mwizi wa vyuma angefanya nini na kofia? Swali hilo sikujiuliza.

Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, Mswidi mwenye maneno machache, aliyetusisitizia tumwite kwa jina lake tu. Aliufunga mlango polepole, akanimiminia kahawa.

"Tunauliza kila mtu," alisema. "Ni utaratibu tu. Kadi yako umewahi kumwazima mtu?"

"Hapana."

"Hata kwa dakika moja? Kumsaidia mtu?"

"Hapana."

Alitabasamu, akaandika neno moja kwenye daftari lake. Kahawa sikuimaliza. Saa tisa, wakati wa mapumziko ya kahawa na maandazi ya mdalasini, nilimuuliza yule dada wa kuuza tiketi kama naye ameshaitwa. Alinitazama.

"Kuitwa kwa nini?"

Hakujua hata kwamba kuna kitu kimepotea. Siku mbili baadaye nilikuwa nimeshapata orodha kamili ya walioulizwa. Tulikuwa watatu: mimi, Mkongo, na mama wa Eritrea aliyechukua ufagio wangu.

Sikumwambia mtu. Nilichofanya ni kuacha begi langu nyumbani, nikaanza kubeba chakula changu kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kilichomo. Nikitoka jioni niliupitisha mbele ya dirisha la ofisi, taratibu, mkono ukiwa mbali kidogo na mwili. Binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini nabeba chakula kama mgonjwa anayepeleka vipimo maabara. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba ni rahisi kuosha. Mke wangu aliinua macho, akaendelea kukunja nguo.

Sasa nikawa mtu wa kuangalia. Nilitazama nani anaingia karakana na nani anatoka, na mikono yake iko wapi. Niliwaza kwamba kama mwizi hatajulikana, basi tutabaki watatu, na kati ya watatu mwenye kadi ya kabati za vioo ni mmoja, nami ndiye huyo. Mama wa usafi alikuja saa kumi na moja alfajiri na kuondoka kabla wazee hawajafika. Alibaki Mkongo.

Nilipoanza kumwangalia yeye, kila kitu kilionekana. Alikuwa akibaki nyuma wenzake wakiondoka. Alikuwa na begi jeusi la michezo, na jioni lilikuwa zito kuliko asubuhi. Simu ikilia alitoka nje akaongea Kimashi, lugha ya kwao ambayo siijui, na nikipita alishusha sauti. Mchana mmoja, akipuliza chakula chake, aliniuliza:

"Yaya, hii kontena ya vyuma bikuukuu pale nyuma, banaibeba siku gani?"

"Ijumaa," nilisema. "Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu."

Tulikula. Nilihesabu mara ngapi aliutazama mlango.

Alhamisi hiyo nilimfuata. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri na giza la Desemba lilikuwa limeshaingia. Tulizoea kuagana Fridhemsplan, tunaposhuka kwenye treni za chini ya ardhi za laini ya buluu, kwa sababu treni ya kwake huenda Hjulsta na yangu hupita Husby. Siku hiyo nilimwambia nina pahala pa kupitia, nikageuka, nikazunguka nguzo, nikarudi. Treni ya Hjulsta ilipofika yeye aliingia behewa la kwanza, mimi la pili. Nilisimama karibu na kioo cha mwisho wa behewa nikimwona mgongo. Begi alilipakata kwa mikono miwili kama mtoto.

Hakwenda mpaka Hjulsta. Alishuka Tensta, kituo kimoja kabla ya kwao. Hilo lilinitosha kabisa. Alipanda ngazi polepole, akasimama juu kwa muda akirekebisha kamba ya begi, kisha akaendelea. Mimi nilijibanza nyuma ya kibanda cha maua. Alipita katikati ya maghorofa, akateremka kwenye mlango wa chini ya jengo moja, akabisha. Mtu akafungua, akatazama kulia na kushoto, akalipokea begi. Nilisikia chuma kikigonga sakafu. Mlango ukafungwa.

Nilirudi Husby kwa miguu sehemu ya njia, baridi ikiniuma masikio, nikiwa na furaha ambayo hata leo naiona aibu. Nilikuwa nimepona.

Ijumaa asubuhi niliingia ofisini bila kuitwa. Nilimwambia mkuu kwamba nimemwona Mkongo akipeleka vyuma vya karakana kwenye chumba cha chini huko Tensta. Nilisema nimeona. Kwa kweli nilikuwa nimesikia tu. Mkuu hakuniuliza kama nina uhakika. Alichukua kalamu.

"Asante kwa kuwa mkweli," alisema. "Najua si rahisi."

Jumanne walimwita. Ofisi ile ina ukuta wa kioo, kwa hiyo nikiwa ukumbini, kando ya tramu ya kale iliyovutwa na farasi, niliona kila kitu bila kusikia neno. Mkongo aliongea, akaonyesha kwa mikono kitu cha urefu wa mguu wa kiti, akaonyesha upande wa karakana. Mkuu alitoka akaenda kumwita mzee dereva. Mzee aliingia na ovaroli yake, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mkongo akamsogelea, akamwambia kitu taratibu, kama anayemkumbusha. Mzee akatikisa kichwa tena.

Baadaye mkuu mwenyewe alinieleza. Mkongo alikiri kuwa amechukua miguu ya chuma ya viti vibovu na mbao zake kutoka kwenye kontena la taka, na akadai mzee dereva ndiye aliyemruhusu. Mzee alisema hakumwambia kitu kama hicho kamwe. Kuhusu mpini na kofia Mkongo alikana, lakini, mkuu alisema, mtu akishadanganya moja, la pili unalipokeaje?

Siku hiyohiyo Mkongo aliweka kadi yake ya mlango mezani, akachukua koti. Kabla ya kutoka alikuja mpaka niliposimama.

"Yaya, umesikia? Banasema niko mwizi."

"Pole sana, mdogo wangu," nilisema.

Alinitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kupokea pole. Kisha akasema asante, akatoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni.

Nilidhani moyo utatulia. Wiki mbili baadaye ikakosekana filimbi ya kondakta. Mkuu hakuniita, lakini alipita mara tatu mbele yangu siku hiyo bila kunisalimu. Nami badala ya kujiuliza nimefanya nini, nilijiambia kwamba Mkongo lazima alinakili kadi, au ana mwenzake ndani. Nilianza kumwangalia dada wa tiketi. Nyumbani nilikuwa nikikagua mifuko ya koti langu kabla ya kulala, nikiogopa nitakuta kitu nilichowekewa. Mke wangu aliniona.

"Wewe ndiye uliyeiba?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa sababu unatembea kama aliyeiba."

Sikuwa nimemwambia kuhusu Tensta.

Ilikuwa Februari, Jumanne, saa moja kabla ya kufungua. Niliingia karakana kuwasha taa nikamkuta mzee dereva peke yake, amesimama ndani ya tramu ya buluu, mbele, mahali pa dereva. Alikuwa amevaa kofia. Ile ya kabati. Filimbi ilining'inia shingoni. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa umefunguliwa kwenye ubao mbele yake, na mpini wa shaba ulikuwa mahali pake, mkononi mwake, ukimetameta kama uliosuguliwa jana. Aliusogeza hatua kwa hatua, akiegemea kidogo kwenye kona ambazo hazikuwepo.

Nilisimama chini. Nilisubiri afike kituoni, sijui namna nyingine ya kulisema. Alipousimamisha mkono nilimsalimu.

"Umechelewa," alinijibu, bila hasira. "Lakini panda."

"Huu mpini unauweka wapi ukimaliza?"

Alinishangaa. "Kwani unawekwa wapi? Mpini ni wa dereva. Hauachwi kazini. Nikiuacha hapa, kesho mwingine atalichukua gari langu." Akauchomoa, akaufunga kwenye gazeti, akauweka ndani ya mkoba kando ya mkate wake. Hakuficha. Alifanya polepole, mbele yangu, kama mtu anayevaa miwani.

Ndipo nilipokumbuka kwamba kadi ya kabati za vioo alikuwa nayo yeye pia, tangu makumbusho yalipoanzishwa. Tangu Novemba, kila Jumanne na kila Alhamisi, nilikuwa nimemshikia mzee huyu mlango. Mkoba wake ulionekana mzito, na mara moja nilimwambia aniachie nimbebee mpaka nje. Nilikuwa nimeubeba ule mpini mwenyewe.

"Yule fundi wa Kongo," nilimuuliza, "mwenye mikono. Ulimpa miguu ya viti?"

"Ndiyo. Na mbao. Alisema wanataka kutengeneza mabenchi. Vitu vizuri vile vitupwe?" Alitazama huku na huku. "Kwani yuko wapi? Leo tunajaribu breki."

Nilikwenda ofisini mbio. Mkuu alinisikiliza, na kalamu ilibaki palepale mezani.

"Una uhakika?" aliniuliza.

Nikamweleza tena, tangu kofia.

"Una uhakika kwamba hakuwa anaonyesha tu jinsi ilivyokuwa zamani? Wazee hupenda kuonyesha."

"Mpini uko kwenye mkoba wake sasa hivi."

"Siwezi kupekua mkoba wa mtu aliyetujengea makumbusho haya," alisema. Akaniuliza kwa mara ya tatu kama nina uhakika, na safari hii macho yake yalishuka kwenye beji yangu. Nilielewa kwamba anapima kwa nini nimekuja na habari hii, na ninafaidika nini. Niliyajua macho hayo. Nilikuwa nimeyatumia miezi mitatu.

Jioni mzee alipotoka nilimwomba nimsindikize mpaka kituo cha basi. Alikubali. Njiani aliniuliza mara mbili ninaishi wapi. Kituoni alikuwa anasubiri mwanamke mzee mwenye kofia ya sufu, mkewe. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi huja kumpokea, maana mwezi uliopita mumewe alipanda basi la upande mwingine akapatikana Spånga, anauliza stesheni ya treni iko wapi naye amesimama mbele yake.

Nilimweleza kilichopotea. Nilitafuta maneno ya Kiswidi yasiyo na neno kuiba ndani yake. Aliufungua mkoba, akaushika ule mpini ndani ya gazeti, akabaki hivyo.

"Kofia huja nayo na kurudi nayo," alisema. "Na nyumbani kuna vingine kwenye kabati la viatu. Nilidhani mmempa. Nilidhani ni zawadi, kwa miaka yote ile."

Mzee alikuwa anatazama basi linakuja.

Alhamisi mkewe alileta kila kitu kwenye kikapu: mpini, kofia, filimbi, na vitu vingine ambavyo hakuna aliyewahi kujua kama havipo. Mkuu alimkaribisha na keki. Walikaa wote mezani, mzee katikati, wakazungumza kwa upole kuhusu daktari na kuhusu kuja siku moja kwa wiki badala ya mbili, akiwa na mtu wa kumwangalia. Hakuna aliyeandika kitu. Mimi nilifurahi kwa ajili ya mzee, kwa dhati. Pia nilikuwa nimesimama na sahani ya keki mkononi nikiutazama ukuta wa kioo wa ile ofisi.

"Na yule fundi?" nilimuuliza mkuu baadaye.

"Tutamwandikia barua."

Barua niliiona, kwa sababu niliomba kuiona. Ilisema suala limefungwa na vifaa vimepatikana. Haikusema kwamba hakuiba. Nilimwomba anipe daftari lake, nisahihishe nilichosema Desemba.

"Si lazima sasa," alisema. "Imeshaisha."

"Imeandikwa kwamba niliona vyuma. Sikuona. Nilisikia mlio nje ya mlango. Na nilikuwa nimemfuata mtu bila yeye kujua. Hayo nayo yaandikwe."

Alinipa karatasi. Niliandika kwa mkono wangu, Kiswidi changu na makosa yake, nikatia sahihi, nikaomba nakala. Alikwenda kuitoa kwenye mashine mwenyewe. Aliporudi alikuwa amekunja uso, na sikujua kama amenikasirikia mimi au jambo jingine. Wiki iliyofuata alimtumia Mkongo barua ya pili, yenye neno la kuomba radhi.

Jumamosi nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza, akaniuliza jambo moja tu, kama nimeshakwenda Hjulsta. Nikavaa koti.

Mkongo aliishi ghorofa ya nne. Mkewe alinifungulia, akanikaribisha chai, watoto wakanisalimu kwa Kiswidi. Yeye mwenyewe alitoka chumbani, akaniona, akawaambia watoto waende kucheza chumba kingine. Nilimkabidhi ile nakala nikiwa bado nimesimama. Aliisoma taratibu, kidole chini ya mistari, kisha akaiweka juu ya televisheni.

"Keti, yaya."

Nikaketi.

"Ni mimi niliyekwenda kwa mkuu," nilisema, ingawa karatasi ilikuwa imeshasema.

"Mi nilijua tangu zamani. Nilikuona mu kioo ya treni, mbele ya kufika Sundbyberg. Nikasema, kumbe yaya anakuja huku, atanifikia tu. Tensta nikasimama pale juu ya ngazi, nikakungojea. Haukukuja." Alikoroga chai yake. "Nikasema, pengine ana haya. Lakini Jumanne bakaniita, njo pale nikaelewa."

"Mlango ule wa chini ulikuwa wa nini?"

"Ni pahali pa kusali. Tunapanga pale na watu ya Burundi. Watoto balikuwa banakaa chini, mu baridi. Nikaunda mabenchi nne." Akanitazama. "Kama ungebisha, tungekufungulia. Ungetusaidia kupiga randa."

Mkewe alipita, akaongeza chai kwenye kikombe changu ambacho sikuwa nimekigusa.

"Unajua kile kiliniuma?" aliendelea. "Ule mama mukubwa wa kule, hanijui. Aseme niko mwizi, bon, ni kazi yake. Lakini weye uliniambia pole. Ulisimama pale, na sweta yako, ukaniambia pole."

"Niliogopa," nilisema. "Nilijua wananishuku mimi."

"Na miye balikuwa bananishuku. Tulikuwa wote wawili. Ungeniuliza tu, kwa mdomo: mudogo yangu, mu begi muko nini? Ningefungua."

Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumdai aseme. Aliponisindikiza mpaka kwenye lifti aliniaga kwa Kiswidi, kwa adabu, kama anavyoagwa mtu wa ofisi. Mlango wa lifti ulipofungwa niligundua kwamba ni mara ya kwanza kunisemesha kwa lugha hiyo tukiwa wawili peke yetu.

Mkuu alimwalika arudi kumalizia mazoezi yake. Alikataa. Tramu ya buluu wazee waliimaliza bila yeye, na walipokwama kwenye nyaya waliniuliza kama nina namba yake. Nilisema nitamuuliza kwanza. Akajibu kwa ujumbe wa Kiswidi kwamba wapewe, na nasikia aliwaelekeza kwa simu saa nzima.

Mwezi wa Juni alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya kikazi. Ameomba kazi kwenye karakana moja ya mabasi, wanataka mtu wa kuulizwa habari zake, na huko makumbusho anayemfahamu vizuri ni mimi. Kama sitaki niseme.

"Nataka," nilisema.

Aliyenipigia kutoka huko alikuwa mwanamume mwenye haraka. Nilikuwa ukumbini, nikasogea dirishani. Aliuliza kuhusu ufundi, nikamweleza zile taa za ndani. Aliuliza kuhusu kufika kwa wakati. Kisha akauliza kama kuna jambo lolote ambalo yeye, kama mwajiri, angepaswa kulijua, kwa maana mazoezi yale yanaonekana yalikatika katikati.

Ningeweza kusema hapana. Nilimwambia kwamba mtu huyo alisingiziwa wizi hapa kwetu, kwamba hakuiba kitu, kwamba vitu vilipatikana kwa mwingine, na kwamba aliyeanzisha maneno hayo ni mimi ninayezungumza naye.

"Hilo si la kawaida kuambiwa," alisema. Akaniuliza jina langu tena, akaandika, nilisikia kalamu.

Niliporudisha simu mfukoni nilikuwa na hakika nimemharibia. Nilikaa wiki mbili na hakika hiyo. Kila ujumbe ulioingia niliutazama kwa kona ya jicho kabla ya kuufungua, na nilipokutana na watu wa Hjulsta sokoni Tensta niliwapita haraka wasije wakaniambia.

Alipata kazi. Nilisikia kwa mke wangu, ambaye alisikia kwa mke wa Mkongo, wakichagua ndizi za kupika. Ataanza Agosti, upande wa milango na umeme, na wamempa sare yenye jina lake kifuani. Nilimwandikia hongera. Alama zilionyesha kwamba ameisoma, na jibu halikuja.

Tunakutana mara chache, kwenye misiba zaidi, watu wetu wanapojaa kwenye ukumbi wa kukodi na Kiswahili cha kila upande kikichanganyika juu ya sufuria. Ananipa mkono. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye foleni ya chakula, akaniuliza binti yangu anasoma nini sasa. Nikamwambia umeme. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni kazi nzuri ila asome sana hesabu, kisha akachukua sahani yake akaenda kukaa na watu wa Bukavu.